Oringi Haichaguliwi kwa Kung'aa

Siku hizi ukipita Kadutu, hapa Bukavu, utasikia watu wakikisifu kile kisanduku chekundu cha oringi za mchanganyiko: vyumba vingi, kila ukubwa, dola chache, na karatasi ya vipimo imebandikwa mfunikoni. Hata mafundi wanaotengeneza vifaa vya drage za Shabunda wanakibeba kwapani kama daktari na mkoba wake. Nimenyamaza vya kutosha. Kisanduku kile kinafaa bomba la jikoni na pampu ya kunyunyizia dawa kwenye kahawa. Kumfungia mtu hewa yake chini ya mto Ulindi kwa oringi za namna ile ni kumchezea roho.

Mzamiaji wa Ulindi, anayeshika mdomo wa bomba linalofyonza mchanga wa dhahabu, hana mtungi mgongoni. Hewa yake inatoka kwenye kompresa iliyoko juu ya drage, inashuka kwa mpira mrefu hadi mdomoni mwake, na kila penye kiungo pana oringi. Mwenzake wa Zanzibar mwenye mtungi wa bari 200, oringi ikimpasukia, anasikia kishindo na kuona mapovu, basi anapanda. Wa Ulindi yuko gizani ndani ya tope. Hewa inapungua kidogo kidogo, naye anadhani amechoka tu.

Mambo ya mwanzo nayapita haraka, maana asiyeyajua asishike spana. Nitrile kwa penye mafuta na petroli. EPDM isiguswe na grisi ya gari hata kidogo, itavimba. Silikoni isiwekwe panapochezacheza. Viton kwa kichwa cha kompresa penye joto, na Viton ya kweli ni nzito mkononi. Rangi ya kahawia haithibitishi kitu, kwa sababu nitrile nayo hupakwa kahawia ikauzwa bei ya Viton. Ugumu ni 70 kwa viungo vya kawaida, 90 kwa mdomo wa mtungi. Namba za ukubwa ni 014 kwa valvu ya klampu, 112 kwa DIN, 214 shingoni. Na usikubali kuambiwa kwamba unene wa milimita 1.78 ya Wamarekani na 1.9 ya Wajapani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Anayeingiza ile nyembamba kwenye mfereji wa ile nene ataona imekaa vizuri, na imekaa vizuri kweli, ila haibanwi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wote hawa wenye visanduku hawajawahi kulitazama: mstari wa kalibu.

Oringi huivishwa ndani ya kalibu ya vipande viwili. Pale vipande vinapokutana hubaki mstari, mmoja upande wa ndani wa duara na mwingine upande wa nje. Ishike kwa vidole viwili, iviringishe mpaka sehemu ya ndani ije nje, uitazame kwa mwanga wa dirisha, si kwa tochi ya simu. Kisha pitisha kucha. Kwenye oringi nzuri mstari unaonekana lakini kucha haiusikii. Kwenye mbaya kucha inakwama, au utaona nusu moja imepanda na nyingine imeshuka, kwa sababu kalibu imechakaa na vipande havikutani tena sawasawa. Hapo usibishane na mwuzaji, rudisha.

Lakini hata wanaojua kutafuta mstari hawajiulizi unaangukia wapi. Kwenye mdomo wa valvu ya klampu, oringi inabanwa toka juu na chini. Mistari yake iko ndani na nje, haigusi pahali panapoziba hewa, kwa hiyo oringi yenye sura mbaya itashika pale miaka na hakuna atakayejua. Ndivyo kisanduku chekundu kilivyopata sifa: mtu anaijaribu pale, inashika, anakwenda kutangaza. Njoo sasa kwenye kiungo cha mpira wa hewa, kile cha kuchomeka, ambapo dume linaingia ndani ya jike. Hapa oringi inabanwa toka ndani na nje, na mahali penyewe pa kuziba ndipo penye mstari. Kila ukichomeka na kuchomoa, ule ukingo unamegeka, na kila palipomegeka hewa imepata njia. Oringi ni ile ile, kutoka pakiti ile ile. Huku ni mlinzi, kule ni mwizi. Watengenezaji wanaojiheshimu huuhamisha mstari kwa pembe ya digrii 45 ili usiangukie popote panapobanwa. Uliza za namna hiyo dukani, hata kama mwuzaji atakucheka.

Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa na kipimo chochote cha kisasa. Alikuwa akifumba macho na kuiviringisha oringi polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, mzunguko mzima, huku akizungumza habari nyingine kabisa. Akisimama, hapo pana kasoro. Ndivyo alivyomkamata mwuzaji mmoja aliyekuwa akikata uzi wa mpira, akiunganisha ncha kwa gundi ya haraka, kisha akipaka mafuta mpaka inang'aa kama mbegu ya papai. Jicho halikuona kiungo, lakini gundi ikikauka huwa ngumu, na kidole kikaona. Mwingine alikuwa akiloweka oringi kuukuu kwenye petroli usiku kucha. Asubuhi zimenona, zinapendeza. Zikikauka huwa nyembamba kuliko zilivyokuwa kabla ya kuloweshwa.

Msomi mmoja hunikumbusha kila mara habari za Challenger, chombo cha anga kilicholipuka karibu na pwani ya Florida tarehe 28 Januari 1986 kwa sababu oringi zilikuwa zimekakamaa kwa baridi, na jinsi mwanafizikia Richard Feynman alivyotumbukiza kipande cha mpira kwenye maji ya barafu mbele ya tume ya uchunguzi. Habari ni ya kweli, lakini Bukavu haigandi. Adui yetu ni jua, na wauzaji wanaotundika oringi kwenye waya mbele ya duka kutwa nzima, zimevutwa, zimetiwa vumbi. Ikunje moja ya hizo uone zile nyufa nyembamba. Mimi sinunui chochote kilichotundikwa, hata kikiwa kimefika asubuhi hiyo hiyo.

Zamani palikuwa na duka moja barabara ya Lumumba lenye droo za mbao. Kila oringi ilikuwa na bahasha yake, na juu ya bahasha imeandikwa robo ya mwaka ambayo mpira uliivishwa: 2Q, 3Q, na tarakimu mbili za mwaka. Mwenye duka alikuwa akiisoma tarehe kwanza, bei baadaye, na nitrile iliyopita miaka saba aliitupa mbele yako. Leo ukiuliza tarehe unaambiwa, "Papa, hii ni mpya, angalia inavyong'aa."

Grisi ya silikoni iwe ya kulowesha tu. Wanaopaka mpaka inafurika wanakusanya mchanga wa Ulindi kwa hiari yao. Za akiba zikae kwenye kopo lenye kifuniko, zimelala, mbali na jenereta, kwa sababu ozoni inayotoka kwenye cheche zake hula nitrile. Na zile za samawati na za waridi zinazouzwa siku hizi eti mzamiaji azione upesi zikianguka, ugumu wake sijaupima wala sitaupima. Oringi ni nyeusi.