Vidole vya Kenyatta Market
Anayeingia Kenyatta Market, Nairobi, hulakiwa na moshi wa nyama choma na swali la wasusi: “Dada, unasuka?” Akikubali, kichwa chake huweza kushikwa na watu watatu kwa pamoja.

Umahiri wao huonekana zaidi kwa mteja mwenye nywele nyepesi. Msusi mzuri haanzi na rasta; hupapasa kwanza nywele za mbele na za kando ya masikio, maana hizo ndizo hukatika mapema zikivutwa mara kwa mara. Madaktari huiita hali hiyo alopesia ya mvuto. Yeye husema tu, “Hapa tusikaze.” Kisha hupendekeza rasta fupi zisizo na fundo mwanzoni: nywele za bandia huongezwa kidogo kidogo, shina lisielemewe. Njia huichora upande, si katikati, ngozi isichungulie.

Mtindo wa twende kilioni nao wafaa, mradi usisukwe mpaka nyusi zipande! Wapo wateja wanaodhani maumivu ndiyo unadhifu, na kuwakatalia kwataka moyo, kwani kibanda cha jirani kiko hatua mbili tu.

Uzi mweusi wa enzi za mabibi haujastaafu pia: hunyoosha nywele bila moto.