John Deacon wa Queen: besi, ukimya na Sun City

Wandugu, kila mara mtu akitaja Queen, tunakimbilia kwa Freddie Mercury. Naelewa. Alizaliwa Zanzibar mu 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na sisi wasemaji wa Kiswahili tunapenda kumhesabia kuwa mtoto wa nyumbani, hata kama familia yake iliondoka kisiwani mu 1964. Nyuma yake anafuata Brian May, na nywele zake, na ile gitare aliyoichonga pamoja na baba yake. Mpigaji wa besi hapana. Anasimama karibu na ngoma, anacheza kidogo na magoti, haimbi, na watu wengi wanaoimba nyimbo zake mu stade hawajui hata jina lake. Anaitwa John Deacon. Kwangu mimi njo alikuwa na sikio zuri kupita wote wane, na tena kuna jambo moja la maisha yake ambalo Mwafrika hawezi kulipita hivi hivi.

Alizaliwa Leicester, Uingereza, tarehe 19 Agosti 1951. Aliingia Queen mu 1971, wakati wapigaji wa besi watatu walikuwa wamekwisha kujaribiwa na kuondoka. Alikuwa na miaka 19, mdogo kuliko wote, na alikuwa anasoma elektroniki ku Chelsea College, London. Alimaliza na alama za juu kabisa. Sisi wa ukurasa huu tunajua namna diploma inaweza kubaki ndani ya bahasha miaka na miaka. Ya kwake ilifanya kazi, lakini si mu ofisi. Mu miaka ya kwanza aliokota kipande cha elektroniki ndani ya takataka za barabarani, akakifunga ndani ya kasha la spika ndogo la nyumbani, ikawa ampli inayotumika na majiwe ya redio, volti 9. Brian May aliunganisha gitare yake pale, na sauti iliyotoka ilimsaidia kutengeneza mu studio kitu kinachofanana na orkestri nzima ya vinanda na tarumbeta. Sikilizeni « Good Company » ya 1975. Ile fanfare yote ya jazi ni gitare peke yake, inapita ndani ya takataka iliyotengenezwa na mwanafunzi.

Wajuzi wa besi wanamdharau kidogo. Wanasema anapiga vitu vyepesi, na wanamlinganisha na Mwingereza mwenzake John Entwistle wa The Who, ambaye vidole vyake havikupumzika. Mu « My Generation » ya 1965, besi njo inapiga solo. Ni kweli, Entwistle alikuwa fundi wa ajabu. Lakini kupiga noti mingi na kupiga noti inayofaa ni kazi mbili mbalimbali. Sisi wa agronomia tunafundishwa kwamba mahindi inapandwa na nafasi, sentimita 75 kati ya mistari, na mkulima anayebana mbegu kwa tamaa anavuna majani. Deacon alijua kuacha nafasi.

Mfano mkubwa ni « Another One Bites the Dust » ya 1980. Mwanzo wake ni noti moja ya chini inayopigwa mara tatu, na kati ya kila pigo kuna ukimya. Halafu besi inatembea kidogo, inarudi palepale. Ni hiyo tu! Hesabu ni ya hatari: ukipunguza ule ukimya, wimbo unakuwa wa kawaida, ukiongeza noti moja, unaanguka. Deacon mwenyewe alipiga besi, gitare za mdundo na piano. Roger Taylor alirekodi ngoma kavu kabisa, utepe ukawa unazunguka na kurudia palepale, na ile milio ya ajabu inayosikika kama ya mashine ni piano, gitare na ngoma ambazo utepe wake uligeuzwa kuanza mwisho. Taylor hakupenda wazo la kuutoa kama disiki ya peke yake. Ni Michael Jackson aliyewaambia, kisha kuwasikia Los Angeles, kwamba wangekuwa wapumbavu kuuacha ndani ya albamu. Mu Oktoba 1980 ulikuwa namba moja Marekani.

Hapa lazima tuseme na deni. Mwaka mmoja mbele, mu 1979, Chic, orkestri ya Waamerika weusi wa New York, walitoa « Good Times », na besi yake ilikuwa ya Bernard Edwards. Deacon alipitisha wakati pamoja nao ku studio, na ukisikiliza nyimbo hizi mbili moja nyuma ya nyingine, utasikia undugu bila kuhitaji mwalimu. Si wizi. Edwards anatembea, anacheka, anazunguka. Deacon alichukua mwendo ule akaondoa nyama, akabakiza mifupa. Kilichomuuma Edwards, na alikisema hadharani, ni kwamba waandishi fulani walidhani Chic njo waliiga Queen. Si kosa la Deacon, lakini ni tabia ya zamani: mzungu akipika chakula cha mweusi, watu wanamuuliza mweusi wapi alijifunza.

« You're My Best Friend » ya 1975, aliyoitungia mke wake, nitaipita haraka. Ni wimbo mzuri, wa mtu mwenye heri. Mercury hakuipenda piano ya umeme, basi Deacon alijifunza kuipiga yeye mwenyewe. « Under Pressure » ya 1981, pamoja na David Bowie, nayo inajulikana, na hata wenyewe hawakukubaliana vizuri ile besi ilitoka kwa nani.

Mambo yanakuwa mazito mu 1984. Mwaka ule ulitoka « I Want to Break Free » ya Deacon, wimbo wa mtu anayetaka kutoka kifungoni. Yeye alikuwa anasema juu ya mapendo tu, lakini wimbo ukitoka hauko tena wa mtunzi. Imeandikwa mara mingi kwamba wapinzani wa apartheid Afrika ya Kusini waliuchukua kuwa wimbo wao. Na mu Oktoba ya mwaka uleule, Queen walikwenda kupiga Sun City.

Kwa wale wasiojua: Sun City ilikuwa hoteli na kazino ndani ya Bophuthatswana, moja ya zile « inchi » ambazo serikali ya wazungu ilizitengeneza ili kuwanyanganya weusi uraia wao. Pretoria iliitangaza huru mu 1977. Hakuna serikali ingine ya dunia iliyoitambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuwaomba wasanii wasiende Afrika ya Kusini, na chama cha wanamuziki wa Uingereza kilikuwa kimewakataza wanachama wake. Queen walikwenda. Walijitetea kwamba wao hawafanyi siasa, wanapigia kila mtu. Walitoa pia msaada kwa shule ya watoto viziwi na vipofu. Chama kiliwatoza faini.

Mashabiki wengi wanapita hapa mbio. « Deacon hakuamua peke yake, alikuwa mtu wa nyuma. » Siwezi kukubali. Deacon hakuwa mtoto aliyeburutwa. Anajulikana kuwa mu Queen njo alifuata mambo ya pesa na mikataba kwa makini. Na wimbo ulikuwa wake, jina lake liko juu ya disiki! Mtu aliyejua vizuri sana uzito wa nafasi isiyopigwa alikuwa na nafasi ya kutopiga pale. Kusema « hatufanyi siasa » ndani ya Bophuthatswana ni kufanya siasa, maana jukwaa lenyewe lilijengwa na siasa. Mwaka uliofuata, 1985, Steven Van Zandt wa Marekani alikusanya wasanii wakaimba kwamba Sun City hawatapiga. Wao pia walikuwa watu wa muziki.

Sisemi hayo ili watu watupe disiki. Mimi ningali nazisikiliza. Lakini sipendi ule mtindo wa kumfanya Deacon mtakatifu kwa sababu tu aliondoka kimya. Aliondoka vizuri, hiyo nakubali kabisa. Mercury alikufa tarehe 24 Novemba 1991. Deacon alipiga ku tamasha la kumkumbuka Wembley mu 1992, akamalizia kazi ya « Made in Heaven » ya 1995, akapanda jukwaani mara ya mwisho Paris mu Januari 1997 pamoja na Elton John, akarekodi wimbo mmoja tena na wenzake. Kisha, basi. Mu 2001, Queen walipopewa heshima ya Rock and Roll Hall of Fame, hakwenda.

Bapenzi ba Queen banasema alikimbia. Alikimbia nini? Alikuwa na miaka 45, mke, watoto sita, na rafiki aliyekufa. May na Taylor waliendelea, kwanza na Paul Rodgers, kisha na Adam Lambert, na ni haki yao. Wamesema wazi kwamba Deacon haonekani tena kati yao, lakini mambo ya pesa bado anayaangalia. Jukwaani wanamweka mpigaji mwingine, na ikifika « Another One Bites the Dust » anapiga zilezile noti tatu, na nafasi ileile kati yake.