Vitabu Vitatu Vilivyofungwa Mkanda

Mkazi wa Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ana sababu ya kuitupia jicho Chelyabinsk, mji wa viwanda vya metali karibu na milima ya Ural nchini Urusi, kwani ndiko alikozaliwa Eugene Roshal, mtunzi wa RAR, yaani mfumo wa kubana mafaili ambao herufi yake ya kwanza inatokana na jina lake la ukoo. Kubana ni kuandika mara moja kile kinachojirudia, kisha kuacha alama tu kila kinapotokea tena, hivyo faili kubwa huenea katika flashi ndogo, na pale intaneti inaponunuliwa kwa megabaiti, hilo si jambo dogo. Nembo ya WinRAR, programu ya RAR kwa Windows, yaani vitabu vitatu vilivyorundikwa na kufungwa mkanda, hutambulika hata na asiyejua neno moja la Kirusi. Programu hiyo, iliyotoka mwaka 1995, humpa mtumiaji siku 40 za majaribio, na zikiisha humkumbusha kulipa bila kumfungia mlango, uungwana ambao wenye maduka wachache wangeuthubutu. Ustadi huohuo wa kubana matumizi umo katika nginx ya Mrusi mwingine, Igor Sysoev, programu ya seva iliyotolewa mwaka 2004 ili kompyuta moja ihudumie maelfu ya wageni wa tovuti kwa wakati mmoja.