Nyumba Isiyovujisha Joto

Mwaka 1991 familia nne zilihamia nyumba nne zilizopangana ukuta kwa ukuta huko Kranichstein, mtaa wa mji wa Darmstadt, Ujerumani. Mojawapo ilikuwa ya mwanafizikia Wolfgang Feist, ambaye mwaka 1988 alijadiliana na Profesa Bo Adamson wa Uswidi kuhusu nyumba ambayo karibu haihitaji kupashwa joto. Vipimo vilipokuja, kila mita ya mraba ilitumia takriban kilowati-saa 10 za joto kwa mwaka, sawa na lita moja ya mafuta. Wengi wakisikia hivyo huuliza ni mtambo gani uliofungwa humo. Kwa maoni yangu swali hilo linaanzia mwisho. Wajenzi walianza kwa kuzuia joto lisitoroke, na mtambo ukafuata ukiwa na kazi ndogo tu. Nje ya kuta za matofali walibandika polistireni ya sentimita 27.5, paa likajazwa sufu ya madini ya sentimita 45, na madirisha yakawekwa vioo vitatu. Nyumba ikishafunikwa hivyo, hata joto la mtu aliyeketi, takriban wati 100, linakuwa na maana.

Lakini unene peke yake hautoshi, na hapa ndipo ninapoiheshimu zaidi kazi ya mafundi wale. Blanketi zito lenye matundu halimkingi mtu na upepo. Plasta ya ndani ilishushwa mpaka ikagusa zege la sakafu, bila kuacha ufa ambao ubao wa pembeni ungekuja kuuficha. Kupima uzibaji, feni hufungwa mlangoni, hewa ikavutwa mpaka tofauti ya mgandamizo ifike paskali 50, na mpimaji akapitisha kiganja kando ya fremu akisikilizia ubaridi. Kiwango kilichowekwa baadaye kwa nyumba za namna hii ni hewa isibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa katika kipimo hicho.

Je, wakazi hawakosi hewa? Hofu hiyo ni ya haki, na nyumba iliyozibwa bila mpango kweli huota ukungu. Ndiyo maana hewa chafu ya jikoni na bafuni hutolewa kwa bomba, ikapishana na hewa safi inayoingia, zikitenganishwa na mabamba membamba yanayorudisha karibu asilimia 80 ya joto. Madirisha nayo yanafunguka. Anayetaka upepo aufungulie. Hoja ya gharama ni nzito zaidi: vipuri vingine vya Kranichstein vilitengenezwa kwa mkono kwa sababu dukani havikuwapo, na serikali ya jimbo la Hessen ilibidi ichangie. Hiyo, hata hivyo, ni gharama ya kutangulia. Fremu zilizokingwa dhidi ya baridi sasa hutoka viwandani, na nyumba zile zilipopimwa tena baada ya miaka 25, matumizi yao ya joto yalikuwa bado chini vilevile.