Injini Iliyofungwa Upya Inataka Kazi

Lipo kosa moja linaloua injini za mashine za kusaga, nalo hufanywa kwa nia njema. Fundi amemaliza kufunga slivu, pistoni na ringi mpya, injini imewaka vizuri, na mwenye mashine anaamuru iachwe ingurume taratibu kutwa nzima bila mkanda, "ijizoeze". Dizeli haizoeshwi hivyo.

Slivu mpya ukiimulika kwa tochi utaona michirizi myembamba iliyokatizana. Imechorwa makusudi: inashika oili, na ncha zake ndizo zinazolana na uso wa ringi mpaka vikaelewana. Ringi nayo haibani ukuta kwa mkunjo wake pekee. Inasukumwa na gesi inayoingia nyuma yake dizeli inapolipuka. Injini isiyo na mzigo inachoma mafuta kidogo, gesi inakosa nguvu, ringi inaelea juu ya oili. Oili ile inaungua na kuganda ndani ya michirizi, slivu inang'aa kama kioo. Moshi wa bluu unaanza, oili nyeusi inachuruzika kwenye bomba la moshi, na hapo mara nyingi hakuna dawa ila kuifungua tena.

Kitaji, Musoma mjini, umeme upo, lakini vitongoji vya Bunda na Butiama ambavyo havijafikiwa bado vinategemea dizeli. Tuchukue S195 ya Kichina, silinda moja, farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo farasi zote 12 usizitegemee. Moshi ukiwa mweusi, punguza mzigo, usiiguse pampu ya dizeli.

Siku ya kwanza iache ipate moto dakika chache tu, ukikagua kama kile kidude chekundu kinachoonyesha msukumo wa oili kimeinuka. Izime, vaa mkanda, washa, anza na makopa ya muhogo huku mlango wa kinu umefunguliwa kidogo. Panda mpaka nusu ya mzigo, kisha robo tatu. Mahindi makavu yasubiri. Kukoboa kusubiri zaidi. Ikishapoa, nati za silinda hedi zikazwe upya na valvu zipimwe.

Oili iwe ya kawaida ya dizeli, na ya kwanza imwagwe baada ya saa 25 hivi, ingali na moto, hata ikionekana safi. Ifikiche kati ya vidole: utaona chembe za chuma zikimetameta. Chujio lake lioshwe siku hiyohiyo.

Maji kuchemka kwenye tangi la S195 ni kawaida. Ongeza kabla boya halijazama. Yakikauka, usimwage ya baridi juu ya chuma cha moto, hedi itapasuka. Chujio la hewa nalo likaguliwe kila asubuhi, maana unga wa kinu unaliziba, na vumbi la barabarani likipenya linakwangua slivu ambayo bado haijakomaa.