Kabla ya Twiga

Wanaosimama mbele ya picha ya Tingatinga humtazama twiga. Mimi siku hizi namwamkia tu, kisha macho yanateleza hadi nyuma yake, kwenye lile anga linaloanza manjano chini, likawa chungwa, likaishia damu ya mzee juu kabisa, na usione lilipobadilikia.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia alichokimudu: vipande vya hadibodi na rangi za makopo, zile zinazopakwa baiskeli. Picha zake nyingi nyuma ni tupu, rangi moja basi. Alifariki 1972; waliomfuata ndio waliozidi kucheza na anga.

Nilikaa asubuhi nzima pembeni ya fundi mmoja kule Oyster Bay. Makopo yake hayakuzidi sita. Rangi hizi ni za mafuta, hazikauki upesi, na hapo ndipo ufundi unapopata nafasi: anapaka manjano, anapaka nyekundu juu yake, kisha brashi pana, kavu, inapita mpakani, inarudi, inapita tena, kila safari kwa mkono mwepesi zaidi. Akichelewa, rangi inashika na brashi inaacha michirizi.

Nilidhani kukoleza ni kutia nyeusi. Alicheka, akachovya ncha ya kijiti kwenye kopo la nyeusi, akakoroga ndani ya manjano. Ikawa kijani kichafu, kama maji ya dimbwi. Manjano yeye huitia giza kwa hudhurungi na tone la nyekundu. Nyeupe nayo ina hila zake. Nyekundu ndu ikiipata haipungui wekundu tu, inakuwa waridi, rangi nyingine yenye tabia yake. Bluu ikiipata hubaki bluu, ila ya mbali, na milima ya nyuma huchanganywa hivyo. Nyeusi ti ameiweka akiba kwa ajili ya macho na mikia.

(Tunahangaika kutunga istilahi za rangi, ilhali tuna maji ya kunde na damu ya mzee, majina yaliyokwisha kubeba kiasi cha giza lake.)

Saa sita ubao uliegemezwa ukutani, anga tupu, bila hata ndege. Mama mmoja mpita njia akasimama.

“Fundi, hii tayari?”

“Bado, mama. Twiga ni kesho.”