Namna ya Kupima Chupa ya Mimea Iliyofungwa

Siku wanafunzi wanapofunga vifuniko, chupa zote hupendeza. Usitoe alama siku hiyo. Zipange penye mwanga, mbali na jua kali, uzikague baada ya wiki mbili, asubuhi na mapema.

Anza na kioo. Chupa iliyotengenezwa vyema huamka na umande, nao hupungua kadiri mchana unavyosogea. Ukungu ukikiziba kioo kutwa nzima, maji yamezidi: kifuniko kiachwe wazi siku moja. Kioo kikiwa kikavu siku nenda rudi, ongeza kijiko kimoja cha maji.

Kisha tazama chini. Maji yasituame kwenye kokoto. Juu ya kokoto uwepo mkaa uliopondwa na kuoshwa, halafu udongo, na hapa kwetu Segese udongo ndio unaomtambulisha fundi. Ule mweusi wa mbuga hunata ukilowa, hupasuka ukikauka, na mizizi hukosa hewa. Luseni, yaani udongo wa kichanga, ukichanganywa na mboji ya chini ya miti, hufaa zaidi. Mchanga wa marudio, yaani mabaki ya kusafishia dhahabu, usiguswe kabisa: huenda una zebaki iliyokamatia dhahabu, na watoto huchanganya udongo kwa mikono.

Kwa mimea, tafuta kangaga changa na kuvumwani, zile zinazoota kivulini penye unyevu. Mwaka 1829 daktari Nathaniel Ward wa London aliona kangaga ikichipua ndani ya chupa iliyofungwa. Mwaka 1833 masanduku yake ya kioo yakafikisha mimea hai hadi Sydney. Mshubiri uache nje. Majani yake yamejaa maji tayari, na katika unyevu wa kufungiwa huoza. Majani yasibanane na kioo, kwani uozo hupenda kuanzia hapo.

Fungua, unuse. Harufu ya ardhi iliyonyeshewa ni dalili njema. Harufu ya yai viza inasema mizizi inaoza, hata kama majani yangali kijani.

Mwisho muulize mwanafunzi: maji haya yanatoka wapi, yanakwenda wapi? Akieleza kuwa mizizi huyavuta, majani huyatoa kama mvuke, kioo hukusanya matone na matone hurudi udongoni, mpe alama za juu, hata kama chupa ya jirani yake inavutia zaidi. Huyo ataweza kuitunza yake mwaka mzima bila kuelekezwa.